Ligi ya besiboli ya kompyuta na marafiki: jinsi tunavyoiendesha Lamu

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu kamili ya usiku, watu wanane hungoja faili moja. Saba tuko hapa Amu. Wa nane ni kaka yangu aliyeko New Jersey, ambako saa hiyo bado ni mchana. Mechi hatuzichezi kwa vidole. Kompyuta ndiyo inayozicheza, na sisi ni mameneja: tunasajili wachezaji, tunapanga nani aanze kurusha na nani apige wa kwanza, kisha programu inakokotoa mechi sita za kila timu na kutuletea matokeo, majeruhi na msimamo wa ligi.

Tuko msimu wa nne. Kabla ya hii nilikuwamo kwenye ligi mbili zilizokufa kabla msimu wa kwanza haujafika katikati, na kote kuwili programu ilikuwa nzima. Siku ya mechi ilihamahama, leo Jumanne, wiki ijayo Ijumaa, na watu wakaanza kuyatilia shaka matokeo. Kwa hiyo mambo ya kompyuta nitayapitia haraka. Ya saa, faili na kuaminiana ndiyo nitakayokaa nayo.

1. Tafuta watu kabla ya programu

Idadi iwe ya kugawika kwa mbili: sita, nane au kumi. Timu moja ikibaki bila mpinzani, ratiba nzima inapinda. Usimtafute anayejua besiboli. Mtafute yule ambaye akisema atakuja barazani baada ya Alasiri, anakuja. Mameneja wetu ni fundi wa majahazi wa Matondoni, mwalimu, wenye maduka wawili wa Langoni, nahodha wa mashua ya wageni wa Shela, dada yangu, mimi, na huyo kaka wa Marekani. Siku ya kwanza ni kaka peke yake aliyewahi kuona mechi.

Kabla ya kumkubali mtu, mpe jaribio la wiki mbili. Kila Jumatatu na Alhamisi kabla ya saa tatu usiku atume neno moja kwenye kikundi cha WhatsApp: "nipo". Akikosa mara mbili katika hizo nne, mwombe kwa upole asubiri msimu ujao. Kazi ya meneja ni hiyohiyo, ila badala ya neno anatuma faili.

2. Fundisha mchezo kwa kupitia raundazi

Waliosoma shule za msingi hapa kwetu, hasa wasichana, wengi wamecheza raundazi, ule mchezo wa kupiga mpira na kuzunguka vituo. Anzia hapo. Dada yangu aliielewa besiboli kabla kahawa haijapoa kwa sababu hiyo. Sisi wanaume, tulioizoea kandanda, ilituchukua siku kadhaa.

Tulichora uwanja kwa kijiti kwenye mchanga wa Shela maji yalipokupwa, tukapima kwa hatua. Vituo vinne vimekaa kwa umbo la almasi, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 27.43. Mrushaji humrushia mpigaji kutoka mita 18.44. Wanaolinda uwanja ni tisa. Mpigaji akipata straiki tatu, yaani akiupiga mpira na kuukosa au akiuacha mzuri upite, ametoka. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo lililowekwa, naye mpigaji akaiacha ipite, basi anapewa kituo cha kwanza bure. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Zote mbili zikishapata zamu ya kupiga, hiyo ni iningi moja, na mechi ina iningi tisa. Anayevizunguka vituo vyote akarudi alikoanzia ameipatia timu yake mbio moja. Hayo yanatosha kuanzia.

Kuna jambo lazima lisemwe usiku huohuo, ama utapoteza mameneja katika wiki ya pili. Besiboli ni mchezo wa kushindwa mara nyingi. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu kwa kila mara kumi ni mpigaji mzuri sana. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alifanikiwa mara 185 katika majaribio 456, sawa na 406 kwa kila elfu, na hadi leo msimu huo unatajwa kwa heshima. Timu nazo ni hivyohivyo. Seattle ya mwaka 2001 ilishinda mechi 116 kati ya 162, ikafikia rekodi ya ushindi mwingi zaidi katika msimu mmoja, na bado ilipoteza 46. Meneja asiyelijua hili akifungwa mechi nne mfululizo atabomoa kikosi chote, na wiki ya tano atasema programu ni mbovu.

3. Waonyeshe matokeo yanatoka wapi

Mtu hawezi kuyaamini matokeo ya kitu asichokielewa. Hapa hakuna chombo kinachofundisha vizuri kuliko mchezo wa zamani wa kadi unaoitwa Strat-O-Matic, ulioanzishwa na Mmarekani Hal Richman mwaka 1961. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake, iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za msimu. Katika mchezo wake wa msingi unarusha dadu tatu. Moja inachagua safu: 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 kadi ya mrushaji. Zile mbili nyingine unazijumlisha, na jumla ndiyo inayokuambia kilichotokea.

Siri iko kwenye ile jumla. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Saba hupatikana kwa njia sita, lakini 2 ina njia moja tu, na 12 vilevile. Basi mpigaji mkali huandikiwa pigo zuri kwenye 6, 7 au 8, na mpigaji dhaifu huandikiwa lake kwenye 3 au 11. Tengeneza kadi mbili za karatasi, mcheze iningi moja kwa mikono. Akiwamo mwenzenu asiyegusa dadu kwa ajili ya dini, msimlazimishe: wekeni vijikaratasi vya 1 hadi 6 katika vikombe na mchomoe kimoja kimoja, mkikirudisha kila baada ya kusoma. Hesabu ni ileile. Kompyuta nayo inafanya kazi kwa wazo hilohilo, ila inapima mambo mengi zaidi kwa wakati mmoja: uchovu wa mrushaji, mkono anaotumia, ukubwa wa uwanja, ubora wa walinzi.

Na kwa kuwa nimetaja dadu: pesa zisiingie katika ligi hii. Hata shilingi kumi ya mshindi. Kuchangia gharama za programu na seva (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi faili) kwa usawa hakuna ubaya, lakini pakiwekwa kitu cha kushindania, umeingia kwenye kamari, na tena utaanza kuona ndugu wakinuniana.

4. Programu na uzito wa faili

Sisi tunatumia Out of the Park Baseball, programu ya Mjerumani Markus Heinsohn ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999. Imejengwa ikiwa na njia ya ligi za mtandaoni. Msimamizi, yaani meneja aliyepewa kazi ya kuendesha ligi, anaweka faili la ligi kwenye seva, kila meneja analipakua, anapanga timu yake, anatuma faili dogo la maagizo, kisha msimamizi anayakusanya na kusukuma siku mbele. Wote lazima muwe na toleo moja. Hutoka jipya kila mwaka, lakini hamna haja ya kukimbilia la sasa.

Ambao hawana kompyuta wasiachwe nje. Kwetu wawili wana simu tu. Programu hutoa ripoti kama kurasa za tovuti, tunazipandisha kwenye seva, nao wanazisoma kwenye simu na kutuma maagizo kwa ujumbe wa maandishi. Yawe ya maandishi, sio ya sauti: sauti husikika tofauti kwa kila sikio, na ukikosea kumpanga mrushaji utadaiwa mechi.

Fikiria bando. Ligi kubwa yenye madaraja mengi ya timu za chini huwa na faili zito, na kulipakua mara mbili kwa wiki kwa bando la simu kunaumiza mfuko. Anza na timu nane, daraja moja tu la akiba, na uzime ripoti ambazo hakuna anayezisoma. Faili likipungua, hata kusukuma mechi kunakuwa kwepesi kwa laptopu ya zamani.

Mtachagua pia wachezaji wa kubuni au wa kweli. Kwa msimu wa kwanza mimi nashauri wa kubuni. Mkitumia wa kweli, kaka yangu atawashinda nyote kwa sababu anawajua wote. Mkishakomaa, msimu wa kihistoria ni raha kubwa. Msimu wetu wa tatu tulitumia wachezaji wa mwaka 2017, na nahodha hakutaka mtu mwingine ila Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Aliingia na Pittsburgh tarehe 26 Aprili 2017 na akapiga pigo safi mara yake ya kwanza kusimama mbele ya mrushaji. Takwimu zake za mwaka ule hazikuwa kubwa. Nahodha alimpanga kila mechi, na ilikuwa haki yake.

5. Hesabu ya msimu

Msimu kamili wa Marekani ni mechi 162. Mkicheza sita kila mnaposukuma, hiyo ni mara 27, takriban wiki kumi na nne. Kwa wanaoanza ni ndefu mno. Sisi tunacheza 84: kila timu inakutana na zile saba nyingine mara kumi na mbili, sita nyumbani na sita ugenini, kwa mafungu ya mechi tatu tatu. Ni mara kumi na nne za kusukuma, wiki saba, na msimu umekwisha hamu ingali juu. Usiende chini sana ya hapo. Mechi zikiwa ishirini, bahati hufunika ustadi na meneja mzuri hapati nafasi ya kuonekana.

6. Kugawana wachezaji

Tunatumia mgao wa kwenda na kurudi. Kura zinapigwa kupanga foleni ya 1 hadi 8. Raundi ya kwanza wa 1 anatangulia, ya pili anatangulia wa 8, hivyo yule wa mwisho anapata chaguo la 8 na la 9 kwa mkupuo. Kila timu ikiwa na wachezaji 26, ni machaguo 208. Msijaribu kuyafanya yote kwa simu, mtu mmoja akilala mji mzima unangoja.

Raundi kumi za kwanza tunazifanya ana kwa ana barazani, kila chaguo dakika mbili, jumla chini ya saa tatu, na kaka anakuwa hewani kwa video. Zilizobaki kila mtu anaandika orodha yake kwa mpangilio wa anaowataka, na msaidizi wa msimamizi anazipitia akishuka mstari kwa mstari. Usiku ule ndio bora kuliko wote katika mwaka. Leteni kahawa ya tangawizi, viazi karai, na betri za kutosha.

Shauri moja kwa mgeni: chukua warushaji wawili wa kuanza katika raundi tano za kwanza. Mrushaji wa kuanza hupumzika siku nne hivi kabla ya kurudi, kwa hiyo unahitaji watano, na wazuri huisha upesi. Kwa wapigaji, tazama asilimia ya kufika kituoni kabla ya kutazama mapigo ya kuvuka uzio. Anayepewa kituo bure mara nyingi hasifiwi barazani, lakini mbio nyingi zinaanza naye.

7. Usiku wa kusukuma mechi

Hapa ndipo ligi inaposimama au kuanguka, nami naomba usiruke mstari.

Msimamizi anaona faili za wote. Anajua nani amempumzisha mrushaji wake bora na nani amebadilisha wapigaji. Akipanga timu yake baada ya kuona hayo, hata bila nia mbaya, ameshawaibia wenzake. Kwetu msimamizi hutuma faili lake kwa msaidizi kabla ya Adhuhuri ya siku ya mechi, na halibadiliki tena. Maagizo ya wale wenye simu huyaingiza msaidizi, msimamizi hayagusi.

Saa mbili usiku kikundi kinakumbushwa. Saa tatu kamili mlango unafungwa. Aliyechelewa dakika moja, timu yake inacheza kwa mpango wa mara iliyopita. Nimewahi kumfungia fundi wa Matondoni aliyekuwa njiani na faili mkononi, na iliniuma, ni mtu mzima na ninamheshimu. Lakini ukimfungulia mmoja, wiki ijayo watakuwa watatu.

Mlango ukishafungwa, kwanza nakili folda nzima ya ligi na uiandike tarehe. Pili, ingiza faili za mameneja na uzihesabu kwa sauti au kwa ujumbe: "nimepokea saba, ya Langoni ya pili haijafika". Tatu, sukuma siku saba. Nne, pandisha faili jipya kwenye seva. Tano, tangaza.

Sasa nieleze kwa nini nakala. Msimu wetu wa kwanza stima ilipotea tukiwa siku ya nne. Betri ya kompyuta ilikuwa imechoka, ikazima papo hapo. Iliporudi nikaanzisha upya kutoka mwanzo wa wiki. Kompyuta hairudii yaleyale, kila ukisukuma namba zinaanguka kivyake. Mwalimu alikuwa ameketi karibu nami na alishaona timu yake ikishinda tatu. Mara ya pili ilifungwa zote tatu, na aliyemfunga alikuwa mimi. Hakusema neno usiku ule. Siku tatu hakupita kwenye baraza yetu.

Nilikwenda kwake, tukakaa, tukaandika kanuni ambayo haijabadilika tangu hapo: matokeo ni yale yaliyofika kwenye seva. Kilichoonekana kwenye skrini na hakikupandishwa hakijatokea. Kilichopandishwa hakirudiwi, hata kama msimamizi mwenyewe aligundua kosa lake dakika tano baadaye. Tena hakuna anayekaa karibu na msimamizi wakati wa kusukuma, isipokuwa msaidizi. Na kabla ya kubonyeza, hakikisha laptopu imejaa chaji, na simu ya kutoa intaneti vilevile.

Kanuni zote ziwe ukurasa mmoja, zikiwa na sahihi au neno "nakubali" la kila meneja. Zikizidi ukurasa hazisomwi.

8. Kubadilishana wachezaji

Mabadilishano ni utamu wa ligi, na ndiyo mahali ambapo mkubwa humwonea mdogo kwa ulimi. Makubaliano yote yatangazwe kwenye kikundi, yakae saa 24, na mameneja sita wasiohusika wawe na haki ya kupinga. Wakipinga wanne, yamevunjika. Wasipinge kwa sababu tu timu fulani inapata nguvu. Sababu iwe moja: upande mmoja haukuelewa ulichokitoa. Weka pia siku ya mwisho ya kubadilishana. Kwetu ni baada ya mechi ya 54, ili aliyekata tamaa asimpe jirani yake wachezaji wote kuelekea fainali.

9. Kalenda ya mji

Panga msimu kwa kufuata mji. Ramadhani tunasogeza saa ya kufunga mlango hadi saa tano usiku, watu wakishatoka tarawehe. Wiki ya Maulidi hatuchezi kabisa. Mji umejaa wageni na kila nyumba ina kazi. Nahodha akiwa safarini siku kadhaa bila mtandao huacha mpango wa kiotomatiki pamoja na mstari mmoja kwa msaidizi, kwa mfano "mrushaji wa kwanza akiumia, mpandishe yule kijana wa akiba". Meneja akipotea mara nne mfululizo bila taarifa, timu inapewa mwingine, na yeye huambiwa ana kwa ana kabla ya kutangazwa.

Mwenye ndugu Marekani ajue kwamba saa zao husogea. Saa tatu usiku ya Lamu ni saa nane mchana New Jersey kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na saa saba mchana kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Andikeni saa ya Lamu kwenye kanuni na yeye ndiye ahesabu.

10. Fainali na makabidhiano

Timu nne za juu zinaingia nusu fainali. Fainali ni ya kutangulia kushinda mechi nne, na hiyo pekee tunaisukuma mechi moja kila usiku, barazani, na programu ikisimulia mpira kwa mpira. Mwalimu anasoma kwa sauti kila mstari unapotokea. Hapo wanaokuja kusikiliza ni wengi kuliko mameneja.

Baada ya fainali pumzikeni wiki tatu, kisha usajili wa waliomaliza mikataba, kisha mgao wa chipukizi, aliyeshika mkia akitangulia. Kila baada ya misimu miwili msimamizi hubadilika. Anayeondoka anakabidhi folda, nakala zote zenye tarehe, neno la siri la seva (ambalo hubadilishwa palepale) na ule ukurasa wa kanuni. Sisi hufanya hivyo siku ya Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa mwalimu. Msimamizi mpya anasukuma wiki moja ya majaribio kutoka kwenye nakala, hatua zote tano, na wa zamani anakaa pembeni akimwangalia bila kugusa kibodi.